Babu wa babu alitoka Cork: pa kuanzia si Ireland

*Swali: Mimi ni Mkenya, nimeolewa Marekani na tunaishi Massachusetts. Mume wangu ni wa ukoo wa Sullivan. Babu wa babu yake, aliyeitwa Daniel, aliingia Boston mwaka 1851 akiwa kijana wa miaka 22 hivi, akiikimbia ile njaa kubwa ya Ireland. Kinachojulikana ni kwamba alitoka kaunti ya Cork, basi. Shangazi wa mume wangu, mwenye miaka 84, anatuambia tusijisumbue kwa sababu kumbukumbu zote za Ireland ziliungua, na kwamba jina lao lilikuwa O'Sullivan, likakatwa na maafisa wa Ellis Island, kile kituo cha kupokelea wahamiaji kule New York. Mume wangu amepima DNA, majibu yanasema yeye ni Mwairishi kwa zaidi ya asilimia 80, wa upande wa kusini. Tuna wiki mbili mwezi wa Julai. Tukate tiketi tukatafute hukohuko? Tuanzie ofisi gani? Na watoto wetu wanaweza kupata pasipoti ya Ireland kupitia huyu babu? Naomba unieleze taratibu. Kwetu mzee akikaa chini anakutajia ukoo hadi kizazi cha saba, lakini huku kila mtu ananiambia la kwake.*

Dada yangu, tiketi iacheni kwanza. Safari ina maana kubwa na nitaifikia, lakini kwa mlichonacho mkononi leo, wiki zenu mbili zitaishia kwenye foleni za maktaba na vibarabara vya mashambani, mkitafuta neno moja ambalo huenda limeandikwa hapohapo Massachusetts mnapoishi.

Hebu tazama mlichonacho: Daniel Sullivan, Cork. Cork ndiyo kaunti kubwa kuliko zote za Ireland kwa eneo. Sullivan nalo ni jina lililojaa. Msajili Robert Matheson alipohesabu majina ya watoto waliozaliwa nchini mwaka 1890, Murphy lilikuwa la kwanza, Kelly la pili na Sullivan la tatu, na kina Sullivan hao wamesongamana Cork na Kerry iliyo jirani. Daniel ni jina la kila nyumba huko. Kufika Cork na jina hilo peke yake ni kama kushuka stendi ya Murang'a na kuuliza kwa kina Kamau.

Kinachowapungukia ni jina la kitongoji. Ireland nzima imegawanywa katika vitongoji zaidi ya 60,000, vingine vina nyumba tatu tu, na majina yake ni ya zamani sana. Vitongoji hukusanywa katika parokia ya kiserikali, na parokia hizo katika kaunti. Kanisa Katoliki lina parokia zake pia, na mipaka yake hailingani na ile ya serikali. Karatasi karibu zote za karne ya 19, iwe ya kodi, ya ardhi au ya ubatizo, zimepangwa kwa kufuata mahali. Ukiwa na kitongoji, au angalau parokia, milango inaanza kufunguka. Ukiwa na kaunti tu, unabaki unazunguka nje ya ua.

Sasa nianze na moto, maana shangazi hakuutunga. Tarehe 30 Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimeanza siku chache tu, ofisi ya kumbukumbu za umma iliyokuwa ndani ya majengo ya mahakama yaitwayo Four Courts pale Dublin ililipuka na kuteketea. Sensa za 1821 hadi 1851 zilikwenda na moto huo, vikabaki vipande. Hati za wosia za vizazi na vizazi zilikwenda. Zaidi ya nusu ya rejista za Kanisa la Ireland, yaani za Waanglikana, zilikwenda. Sensa nne zilizofuata zilipotea bila moto: zile za 1861 na 1871 serikali yenyewe iliziharibu mapema, na za 1881 na 1891 zikasagwa kuwa karatasi taka wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo pengo lipo, na ni pana.

Lakini "zote" ndilo neno lisilo la kweli. Rejista za Kanisa Katoliki hazikuwemo katika jengo lile. Zilikaa kwa mapadri, parokia kwa parokia. Maktaba ya Taifa ya Ireland ilizipiga picha, na tangu Julai 2015 picha hizo ziko wazi kwenye mtandao, bure, nyingi zikifika hadi karibu mwaka 1880. Vyeti vya serikali navyo viliwekwa ofisi nyingine: ndoa za wasio Wakatoliki kuanzia 1845, na vizazi, vifo na ndoa za watu wote kuanzia 1864. Sensa za 1901 na 1911 ni nzima, na zinasomwa bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Sheria huifunga sensa kwa miaka 100, kwa hiyo zamu ya ile ya 1926 ni 2026. Ya 1921 usiitafute. Nchi ilikuwa vitani, watu hawakuhesabiwa.

Kuna jambo moja hapa ninalolipenda. Mwaka 1909 pensheni ya wazee ilianza kulipwa kwa waliofikisha miaka 70. Wazee wa wakati ule walizaliwa kabla ya vyeti, kwa hiyo hawakuwa na njia ya kuthibitisha umri. Makarani wakawa wanapekua sensa za 1841 na 1851, wakati huo bado zipo, na kunakili majina ya familia ya mwombaji kwenye fomu. Sensa ziliungua, fomu nyingi zikasalia, na leo zinasomeka mtandaoni. Ukishazoea kazi hii utagundua pia kwamba kati ya sensa ya 1901 na ya 1911 wazee wengi waliongeza miaka 15 ndani ya miaka 10. Pensheni ilikuwa imeingia hapo katikati.

Habari ya Ellis Island haisimami. Kituo kile kilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892, miaka 41 baada ya Daniel kushuka Boston. Hata waliopitia pale, makarani hawakuwa wakiwabatiza watu upya: walisoma orodha ya abiria iliyoandikwa kule meli ilikoondokea, wakaweka alama. Ile "O" iliondoka mapema zaidi, Ireland kwenyewe, na katika karne ya 19 familia moja ingeweza kuandikwa hivi kwa padri na vile kwa mkusanya kodi. Funzo la kazi ni dogo: tafuta Sullivan, tafuta O'Sullivan, na usimkatae mtu kwa herufi moja. Umri nao usiukamate kwa nguvu. Miaka 22 kwenye orodha ya meli inaweza kuwa 19 au 26.

Kuhusu DNA, ile asilimia 80 na ushei inapendeza kuisoma mezani, lakini katika kutafuta kitongoji haiwasaidii. Kampuni hulinganisha vipande vya DNA ya mumeo na vya watu ambao asili yao inajulikana, kisha hukadiria. Kusini mwa Ireland ni eneo lenye watu wengi mno, na wala makadirio hayo hayajui ni babu yupi aliyemletea kipande kipi. Daniel ni mmoja kati ya mababu na mabibi 16 wa mumeo wa kizazi kile; kwa wastani amemwachia asilimia 6.25 tu.

Chenye thamani ni ile orodha ya ndugu, yaani watu waliopima ambao DNA yao inalingana na ya mumeo, ambayo watu wengi hawaifungui. Humo mnaweza kumkuta mtu aliyeko Cork, Australia au Kanada anayeshuka kwa kaka yake Daniel, naye akawa analijua jina la kitongoji kwa sababu kwao hawakuhama. Na hapa shangazi ndiye dhahabu yenu. Yeye ni kitukuu wa Daniel wakati mumeo ni kilembwe, kwa hiyo kwa wastani amebeba mara mbili ya alichobeba mumeo, na orodha yake itawaonyesha ndugu ambao kwa mumeo wameshafifia. Mwombeni apime. Mwelezeni kwanza, kwa heshima na bila haraka, kwamba vipimo hivi huibua mambo ya ndani ya familia ambayo pengine hakuna aliyeyatarajia. Akikataa, mwacheni.

Haya, tuje Massachusetts, maana ndipo penye kazi. Jimbo hilo lilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo mwaka 1841, kabla ya Daniel kufika. Anzeni na kifo chake na kurudi nyuma: cheti cha kifo, ambacho huwa na majina ya wazazi, ndoa yake, vizazi vya watoto wake wote, si yule mmoja tu ambaye mumeo anashuka kwake. Kwenye vyeti vya serikali mahali pa kuzaliwa mara nyingi patakuwa "Ireland" tu. Msivunjike moyo, mnachotaka hapo ni majina: baba, mama na ukoo wa mama. Daniel Sullivan mwana wa fulani na wa mama wa ukoo fulani tayari ni mtu mmoja katika umati.

Kisha kanisa. Rejista za Wakatoliki wa jimbo kuu la Boston zinaendelea kuwekwa mtandaoni kwa ushirikiano na shirika la nasaba la New England, ambalo makao yake yako Boston na mnaweza kwenda kwa miguu yenu. Baadhi ya mapadri waliokuwa Waairishi wenyewe waliandika kaunti au hata parokia ya bwana harusi. Someni na majina ya wasimamizi wa ndoa na wa ubatizo. Mtu aliyehama kwa njaa hakumwomba jirani wa jana amshikie mtoto kwenye maji ya ubatizo. Aliomba dada, shemeji, au mtu wa kwao. Usipompata Daniel alikotoka, mfuate msimamizi wake. Kwa sababu hiyohiyo angalieni sensa za Marekani mtaa mzima, siyo nyumba moja.

Majina ya watoto nayo yanasema. Desturi ya Ireland ilikuwa kijana wa kwanza kuitwa kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama, binti wa kwanza kwa bibi mzaa mama, wa pili kwa bibi mzaa baba. Kama wewe ni wa Mlima Kenya hili halikusumbui hata kidogo, mabinti tu ndio wamegeuzwa zamu. Haikuwa amri, na watu waliivunja, lakini kama kijana wa kwanza wa Daniel aliitwa Timothy, wekeni alama ya penseli kwenye Timothy.

Nendeni makaburini. Mawe ya Waairishi wa karne ile huko Massachusetts mara nyingi yana maandishi kwamba marehemu ni mzaliwa wa parokia fulani, kaunti fulani. Nendeni asubuhi au jioni jua likiwa chini, herufi zilizochakaa huonekana kwa kivuli. Na kulikuwa na gazeti la Kikatoliki la Boston, The Pilot, ambalo tangu 1831 hadi 1921 lilichapa matangazo ya watu wanaotafuta ndugu zao: fulani, wa parokia fulani, aliondoka mwaka fulani, mara ya mwisho alisikika yuko reli ya mahali fulani, dada yake anamtafuta. Ni maelfu ya matangazo, na yanapekuliwa kwa jina mtandaoni. Wengi wamepata kitongoji chao humo, na ukiyasoma kwa wingi yanakuchosha moyo.

Njia moja zaidi ambayo watu huiruka. Orodha za meli za 1851 hazitawapa kitu zaidi ya "Ireland". Lakini kuanzia 1907 orodha za abiria wa kwenda Marekani zilimtaka kila mtu ataje ndugu wa karibu aliyemwacha nyumbani, na anwani yake. Familia hizi zilivutana kwa miaka 60. Akiwepo mpwa au mjukuu wa kaka yake Daniel aliyefika kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, anwani ya nyumbani imo. Hapo ndipo mazungumzo na shangazi yanapohitajika: ni nani alikuja baadaye, akafikia kwa nani? Muulizeni kuhusu barua, kadi za mazishi, kitabu cha sala cha zamani chenye maandishi kwenye jalada la ndani. Mrekodini. Msimsahihishe habari ya Ellis Island wakati anaongea. Mtu akisahihishwa hunyamaza.

Mkishapata parokia, Ireland inafunguka mkiwa mmekaa sebuleni. Na kwa bahati yenu, rejista za Kikatoliki za dayosisi ya Cork na Ross, pamoja na za Kerry, zimeorodheshwa kwa majina kwenye tovuti ya serikali ya irishgenealogy.ie, bila malipo. Ukifungua picha ya ukurasa wa ubatizo wa miaka ya 1820 utakuta mstari mmoja wa wino uliopauka: tarehe, jina la mtoto, pengine kwa Kilatini, jina la baba, jina la mama na ukoo wake wa kuzaliwa, wasimamizi wawili, na padri akiwa mwangalifu, kitongoji pembeni. Baadhi ya parokia za magharibi hazina rejista kabla ya miaka ya 1840 au 1850, na hapo Daniel mwenyewe huenda hayumo popote. Wadogo zake wanaweza kuwemo.

Kitabu cha pili ni uthamini wa ardhi wa Griffith, uliochapishwa kati ya 1847 na 1864, nao kwa familia nyingi ndio unaokaimu sensa iliyoungua. Ulianza kusini, kwa hiyo Cork ilifikiwa mwanzoni mwa miaka ya 1850. Kila mstari una namba inayolingana na ramani, jina la mkaaji, jina la aliyemkodishia, maelezo ya alichonacho (nyumba, zizi na ardhi, au nyumba tu), ukubwa kwa ekari, na thamani kwa pauni na shilingi. Pale ambapo kitongoji kimoja kina kina Daniel Sullivan watatu, waliwatenganisha kwa kuongeza jina la baba au lakabu. Kwetu tungeweka "bin" na mambo yakaisha. Kumbukeni kwamba Daniel mwenyewe huenda alishaondoka kabla mthamini hajafika. Mnayemtafuta humo ni baba yake au kaka yake. Na kama walikuwa vibarua wasio na ardhi, walioishi kwenye kibanda cha udongo pembezoni mwa shamba la mtu, inawezekana hawamo. Watu wa namna hiyo ndio waliokufa kwa wingi. Kati ya 1845 na 1852 walikufa watu wapatao milioni moja na zaidi ya milioni moja wakaondoka, katika nchi iliyokuwa na watu milioni 8.2 mwaka 1841.

Basi tiketi ikatwe lini? Mimi ningesema: mkishakuwa na parokia moja inayothibitishwa na karatasi mbili tofauti. Kwa kazi ya jioni na wikiendi hilo laweza kuchukua miezi kadhaa, kwa hiyo Julai hii mngeitumia Massachusetts na kwenda Ireland mwakani. Kama mmeshaahidi watoto na hamwezi kuahirisha, nendeni, lakini nendeni kama wageni wanaotaka kuijua Cork, msijitwishe ahadi ya kumpata Daniel.

Safari yenyewe, msiipange kwa siku nyingi za ofisini. Makosa ya wengi ni kutumia Dublin wiki nzima kusoma kitu ambacho kipo mtandaoni bure. Siku mbili au tatu zinatosha. Maktaba ya Taifa, mtaa wa Kildare, ina huduma ya ushauri wa nasaba isiyolipiwa; wapelekeeni ukurasa mmoja wa mlichokwisha kupata, nao watawaonyesha mlichoruka. Vitabu vya marekebisho ya uthamini, vilivyoendelea baada ya Griffith kuandika kila shamba lilipobadilisha mkaaji, vinastahili nusu siku, kwa sababu vinafuata nyumba moja hadi karne ya 20 na kuwaonyesha ni nani aliyerithi. Ulizeni kabla ya kusafiri viko ofisi gani na kama lazima kuomba nafasi. Baada ya hapo tokeni mjini.

Cork ndiko kwenye utamu. Mwandikieni katibu wa parokia wiki kadhaa kabla. Ofisi nyingi hufunguliwa asubuhi chache tu kwa wiki, na rejista za baada ya 1880 ziko kwake. Msiingie na orodha ya maswali 20, ingieni na moja. Chukueni ramani za upimaji wa kwanza wa Ireland, za miaka ya 1830 na mwanzoni mwa 1840, ambazo zimechorwa kwa inchi sita kwa kila maili. Zinaonyesha kila nyumba kabla ya njaa. Ukiiweka ramani hiyo pembeni ya ya leo, unakuta kishada cha nyumba 12 pale ambapo sasa ni malisho matupu na ukuta wa mawe. Ardhi hiyo ina mwenyewe; piga hodi nyumbani kwake kwanza. Watu wa huko hupenda kuulizwa, na mzee wa nyumba ya pili huenda akawaambia kina Sullivan gani walihama na wepi walibaki. Bebeni karatasi zilizochapwa, maana mzee hatasoma simu yako.

Kaburi la wazazi wa Daniel msilitarajie. Maskini walizikwa bila jiwe lenye jina, au kwa jiwe la shambani lisiloandikwa kitu. Kama mtakuwa upande wa magharibi wa kaunti, piteni Skibbereen, ambako makaburi ya Abbeystrewry yana maelfu waliozikwa pamoja wakati wa njaa, na kituo cha urithi cha mji huo kinajua familia za eneo lile vizuri. Gari ushike wewe, dada. Wanaendesha kushoto kama nyumbani, na mume aliyezoea Marekani atawatia wasiwasi kwenye vibarabara vile.

Jambo ambalo vitabu vya safari vya Wamarekani havitakuambia: mumeo na watoto wenye pasipoti ya Marekani wanaingia Ireland bila viza, wewe kama bado unatumia ya Kenya unahitaji viza, na grini kadi haikuondolei sharti hilo. Viza ya Schengen haifai kitu, Ireland haimo humo. Na mkitamani kupanda hadi Belfast, ile ni Ireland Kaskazini, sehemu ya Uingereza, yenye viza yake. Barabarani hakuna kizuizi wala askari wa mpakani, na ndiyo maana watu huvuka bila kufikiri; sheria ipo palepale. Wenye pasipoti ya Marekani nao sasa wanatakiwa kibali cha kielektroniki cha Uingereza. Anza maombi mapema, na usome masharti kwenye tovuti ya uhamiaji ya Ireland yenyewe, kwa kuwa hubadilika.

Kuhusu pasipoti ya watoto jibu ni hapana, si kupitia Daniel. Ireland humpa uraia mtu ambaye babu au bibi yake alizaliwa kisiwani humo, akijiandikisha kwenye rejista ya waliozaliwa nje. Kizazi kimoja nyuma zaidi kinawezekana tu kama mzazi alishajiandikisha kabla mtoto hajazaliwa. Daniel yuko mbali mno. Lakini katika kupekua angalieni na matawi mengine ya mumeo. Kama bibi yake mmoja alizaliwa Ireland, basi mumeo ana haki, na hilo ni suala la kumpelekea mwanasheria wa uhamiaji.

Mwisho, ni wakati gani wa kulipa mtu? Si sasa. Mtaalamu wa Ireland akipewa "Daniel Sullivan, Cork" atawatoza saa nyingi kuwaambia niliyowaambia. Mlipeni pale mtakapokwama kwa namna inayoeleweka: mmepata parokia mbili zinazowezekana na hamjui ipi, au mnahitaji hati za shamba ambazo haziko mtandaoni. Tafuteni aliyethibitishwa na chama cha wataalamu wa nasaba cha huko, Accredited Genealogists Ireland. Mpeni swali moja, orodha ya mliyokwisha kuyasoma pamoja na yale ambayo hamkupata kitu ndani yake, na kikomo cha fedha. Akikuahidi kumpata Daniel kwa hakika kabla hajaona karatasi hata moja, mtafuteni mwingine.